Maradhi Yasiyopiga Hodi: Kazi ya Madaktari wa Maradhi ya Ndani, Mnazi Mmoja

Kunapopambazuka, upepo wa bahari huipiga Hospitali ya Mnazi Mmoja kabla haujaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Hospitali hiyo kuu ya rufaa ya Zanzibar imekaa ukingoni mwa mji, ikitazamana na bahari. Asubuhi jamaa za wagonjwa hufika na chupa za chai, vyombo vya uji na mikoba ya nguo safi. Wanaokwenda wodi ya upasuaji au ya wazazi huweza kueleza kwa neno moja kilichomleta mtu wao: kavunjika, kajifungua, kafanyiwa operesheni. Wanaokwenda wodi za maradhi ya ndani mara nyingi hulikosa neno hilo. Husema tu kwamba hali yake imebadilika.

Kulitafuta jina la mabadiliko hayo, na kuyatibu kabla hayajachukua uhai, ndiyo kazi ya idara ya maradhi ya ndani. Ni kazi isiyo na kishindo. Mshono hauonekani wala kiungo hakifungwi plasta. Hata hivyo, wengi katika watu wazima wanaolazwa hospitalini kwa maradhi hupitia mikononi mwa idara hii, na mengi ya maradhi hayo yaliingia mwilini miaka kadhaa nyuma bila ya kupiga hodi.

Daktari asiyeshika kisu

Tiba ya maradhi ya ndani ni tawi la udaktari linaloshughulika na viungo vya ndani vya mtu mzima: moyo, mapafu, figo, ini, tumbo, damu, ubongo na tezi zinazotoa homoni. Bingwa wake hapasui. Zana zake za mwanzo ni macho, masikio, vidole na maswali. Humuuliza mgonjwa alianza lini kuchoka, hulalia mito mingapi, huamka mara ngapi usiku kwenda msalani, na viatu vyake vilianza lini kumbana.

Wapo wagonjwa wanaodhani kwamba maswali hayo ni ya kupoteza wakati, na kwamba daktari hodari angekwenda moja kwa moja kwenye kipimo. Ukweli ni kinyume chake. Asiyeweza kulala mpaka ajiinue kwa mito mitatu huenda moyo wake umelegea na maji yamejaa mapafuni. Anayeamka mara tano kwa usiku huenda sukari yake imepanda. Ambaye viatu vinambana jioni huenda maji yanamjaa miguuni kwa sababu ya moyo, figo au ini. Maelezo ya mgonjwa ndiyo yanayomwambia daktari ni kipimo gani kitafutwe. Kipimo kinachoagizwa bila ya maelezo ni sawa na kutupa nyavu pasipo kujua samaki walipo.

Idara hii pia ni mshauri wa idara nyengine. Mgonjwa anayesubiri upasuaji akikutwa na shinikizo la damu, au mjamzito akikutwa na moyo dhaifu, daktari wa maradhi ya ndani huitwa kutoa rai yake. Kwa hiyo kazi yake haiishii kwenye vitanda vyake mwenyewe.

Wodi ilivyobadilika

Majina ya hospitali yenyewe yanasimulia historia ya nchi. Iliwahi kuitwa Karimjee Jivanjee, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin, na hatimaye ikawa Mnazi Mmoja. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila ya malipo, na ni katika mwaka huo wa 1964 ambapo timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China zilianza kuja Zanzibar, utaratibu unaoendelea hadi leo. Madaktari wa Cuba nao wametibu na kufundisha Visiwani, na Hospitali ya Haukeland ya mjini Bergen, Norway, imekuwa na ushirikiano wa miaka mingi na Mnazi Mmoja. Siku hizi wodi hizo ni darasa pia, maana wanafunzi wa udaktari na uuguzi hujifunza kando ya vitanda.

Maradhi nayo yamebadilika. Kwa vizazi vingi homa ndiyo iliyotawala, na jina la kwanza la homa lilikuwa malaria. Mwaka 2003 Zanzibar ilibadili tiba yake na kuingia katika dawa mseto zenye atemisinini. Miaka michache baadaye vilifuata vyandarua vyenye dawa na upulizaji wa dawa majumbani. Kiwango cha maambukizi katika jamii kikashuka hadi chini ya asilimia 1. Ushindi huo ulileta somo jipya kwa madaktari: homa si malaria mpaka kipimo kiseme hivyo. Mgonjwa wa homa leo huenda ana nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo, dengi au kifua kikuu, na akipewa dawa ya malaria kwa mazoea, maradhi ya kweli hupata siku za kumuumiza. Hata hivyo malaria haijatoweka, na mlipuko unaweza kurudi. Kwa hiyo kipimo hakiachwi.

Virusi vya Ukimwi navyo viliacha alama katika wodi hizi. Wagonjwa wa mwanzo wa Ukimwi Zanzibar waligunduliwa mwaka 1986. Zama hizo daktari hakuwa na dawa ya kuvizuia virusi. Leo mtu anayetumia dawa zake ipasavyo huishi, hufanya kazi na hulea wanawe, na maambukizi Visiwani yamebaki chini ya asilimia 1 ya watu wote.

Nafasi iliyoachwa na homa imejazwa na maradhi yasiyoambukiza. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kwamba takriban theluthi moja ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la damu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Mtu akitafakari theluthi ya watu wazima miongoni mwao, ataona kwamba mzigo huu hauwezi kubebwa na hospitali moja, hata ikiwa na madaktari hodari kiasi gani.

Asubuhi ya wodi

Siku ya kazi huanza kwa makabidhiano. Daktari wa zamu ya usiku hueleza nani kaingia, nani kazidiwa na nani kafariki. Kisha msafara wa madaktari, wauguzi na wanafunzi huanza kupita kitanda kwa kitanda.

Kitandani, muuguzi ndiye mwenye habari za karibuni zaidi. Yeye ndiye aliyepima mapigo na joto usiku, aliyeona mkojo ulivyopungua, aliyesikia pumzi zinavyobadilika. Katika hali nyingi yeye ndiye wa mwanzo kutambua kwamba mgonjwa anazama. Daktari anayepita wodini bila ya kumsikiliza muuguzi ameacha nusu ya habari nyuma yake.

Vitanda vinavyofuatana huweza kuwa na visa visivyofanana hata kidogo. Hapa yupo kijana mwenye selimundu, maumivu ya mifupa yamemshika tangu juzi. Anahitaji maji, dawa ya maumivu ya kutosha, na watu wa kumwamini kwamba anaumwa kweli. Jirani yake ni mzee ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara. Mbele yao ni mwanamke aliyeletwa akipumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyetoka mbioni, midomo imemkauka. Sukari imepanda na damu yake imegeuka tindikali. Tiba yake ni maji mengi ya mshipani, insulini kwa mpango na madini ya potasiamu yanayofuatiliwa kwa makini, maana kukosea potasiamu kunaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kufika akiwa hajitambui, na baada ya siku moja mbili akakaa kitandani akiuliza chakula. Hizo ndizo asubuhi zinazowapa wanafunzi hamu ya kuichagua fani hii.

Vidonge vya mwezi mmoja

Asubuhi nyengine si za furaha. Kipo kisa cha mfano ambacho kila aliyefanya kazi katika wodi za maradhi ya ndani atakitambua, japo majina na vijiji hubadilika.

Mvuvi wa makamo wa kaskazini mwa Unguja alipimwa presha siku moja kwenye kituo cha afya, ikakutwa 180 kwa 110. Alipewa vidonge vya mwezi mmoja. Alivimeza vyote, akarudi kupimwa, akaambiwa presha imeshuka. Akafahamu kwamba amepona. Hakuumwa kichwa, alivuta nyavu kama kawaida, na nauli ya kwenda kutafuta vidonge vyengine aliiona bora inunue unga. Mwaka ukapita. Alfajiri moja aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Watu wa nyumbani walisema ni upepo mbaya. Alisomewa, akafukizwa, akachuliwa mafuta. Siku ya tatu ndipo alipopakiwa kwenye gari na kupelekwa mjini.

Hakuna haja ya kuwalaumu watu wake. Walifanya kwa mapenzi kile walichokijua, wala hapana daktari mwenye busara anayemkataza mgonjwa kuombewa dua. Tatizo ni saa. Mshipa wa ubongo ukiziba, chembe hai za ubongo huanza kufa kila dakika inayopita. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, na pale zinapopatikana hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Hata pasipo dawa hizo, mgonjwa anayefika mapema hukingwa na mengi: kupaliwa na chakula, nimonia, vidonda vya kulalia, na kiharusi cha pili. Dua haihitaji kungojewa nyumbani. Inaweza kusomwa ndani ya gari, njiani kuelekea hospitali.

Alama za kukumbuka ni tatu: uso uliopinda upande mmoja, mkono unaoanguka mtu akiambiwa ainue yote miwili, na maneno yanayokwama au kuparaganyika. Ikionekana hata moja, safari ianze saa hiyo hiyo.

Fundisho la pili linahusu vidonge. Presha iliposhuka, kilichoishusha ni dawa. Kuiacha ni kama kuliondoa gogo lililozuia mashua isiporomoke ufukweni kwa sababu mashua imetulia. Mtu aliyeanzishiwa dawa za presha, kwa kawaida, huziendeleza maisha yake yote, na mabadiliko yoyote huamuliwa pamoja na daktari. Sambamba na dawa, chumvi ipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ikiwamo ile iliyojificha ndani ya ng'onda, achari na vitafunio vya pakiti.

Kwa wahudumu wa afya, somo ni upimaji wenyewe. Mgonjwa akae dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu haikupandishwa juu ya mwengine, mkono umewekwa sawa na moyo, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kipimo kirudiwe. Zaidi ya hayo, neno "imeshuka" lisitamkwe peke yake. Liambatane na sentensi ya pili: imeshuka kwa sababu unakunywa dawa.

Sukari na mwezi wa Ramadhani

Unguja ni kisiwa cha Waislamu wengi, na ukifika mwezi wa Ramadhani kliniki ya kisukari hukabiliwa na suala ambalo vitabu vya tiba vya nchi nyingi havikuliandikia sura ndefu. Mgonjwa anataka kufunga. Akizuiwa bila ya maelezo, wengi hufunga kwa siri, wakaacha dawa zao wenyewe au wakazimeza zote kwa pamoja wakati wa futari. Huo ndio mwanzo wa safari nyingi za kuletwa hospitalini kwa machela.

Kwa kuwa Zanzibar iko karibu na Ikweta, saa za kufunga hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ni takriban saa 13 hadi 14. Muda huo unamtosha mgonjwa mwenye sukari iliyotulia, anayetumia mlo au dawa kama metiformini, kufunga kwa usalama akipangiwa mapema. Mpango mzuri huanza wiki sita hadi nane kabla ya mwezi mtukufu. Daktari huangalia sukari ya miezi iliyopita, figo na macho, kisha huhamisha dozi: iliyokuwa kubwa asubuhi huweza kuhamia futari, na dawa zinazoweza kuishusha sukari kupita kiasi, kama glibenklamaidi na insulini, hupunguzwa au kubadilishwa.

Wapo ambao ushauri wa kitabibu ni wasifunge: mwenye kisukari cha aina ya kwanza ambacho hakijatulia, mjamzito anayetumia insulini, aliyelazwa karibuni kwa sukari kupanda kupita kiasi, aliyezimia kwa sukari kushuka katika miezi mitatu iliyopita, na anayesafishwa damu kwa mashine. Kwa hao, ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Surat Al-Baqara ni sehemu ya dini yenyewe, si udhaifu wa imani. Daktari na imamu wanapozungumza lugha moja juu ya jambo hili, mgonjwa hutulia. Wakipingana, huumia yeye.

Kujipima sukari kwa tone la damu kidoleni hakufunguzi saumu, na ndiyo kauli ya wanazuoni wengi. Ikikutwa chini ya 3.9, au imezidi 16.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, saumu ifunguliwe papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakisha dakika kumi. Jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kusema maneno yasiyoeleweka ni dalili za sukari iliyoshuka. Mtu huyo apewe tende tatu au vijiko vitatu vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani. Apelekwe hospitali.

Futari nayo ina hesabu yake. Muhogo wa nazi, mbatata, tambi za sukari, kaimati na sharubati vikikusanyika katika sinia moja, sukari hupanda kabla ya sala ya isha. Hakuna anayemtaka mgonjwa ajitenge na sinia la nyumbani. Anatakiwa achague wanga mmoja, kwa kiasi, aongeze mboga na samaki, anywe maji badala ya sharubati, na daku aichelewesha asiiache.

Nyumba isiyo na friji nayo si kikwazo cha insulini. Chupa ikitiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na kuwekwa kwenye chungu cha udongo chenye unyevu, mahali penye kivuli na upepo, hupata ubaridi mzuri kuliko kuachwa kabatini. Mtungi uliopoza maji ya mababu bado una kazi.

Figo hazilalamiki

Presha na sukari zisizodhibitiwa hukutana mwisho kwenye figo. Kiungo hiki ni kivumilivu. Huweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kabla ya mwenyewe kuhisi chochote. Anapoanza kutapika, kuvimba uso na kuwashwa mwili, mara nyingi kinachobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na saa nne kila mara. Huduma hiyo ipo Mnazi Mmoja, na imewaokoa Wazanzibari wengi na safari ya kuvuka bahari. Lakini maisha ya mashine ni magumu. Anayekaa Makunduchi au Nungwi, kilomita zipatazo 60 kutoka mjini, hutumia siku tatu za kila wiki barabarani na kitandani, na mara nyingi pamoja naye hupotea siku za kazi za mtoto au ndugu anayemsindikiza.

Mengi ya haya yanaweza kuzuiwa kwa vipimo viwili vya gharama ndogo: mkojo kutazamwa protini, na damu kutazamwa kiatinini, angalau mara moja kwa mwaka kwa kila mwenye presha au sukari. Jambo jengine ni vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti, hasa diklofenaki na ibuprofeni. Mwenye presha, sukari au figo dhaifu akivitumia kila siku kwa maumivu ya mgongo au magoti, huziumiza figo zake polepole. Hali ni hiyo hiyo kwa mizizi na maji ya dawa yasiyojulikana yaliyomo. Mgonjwa anayetumia dawa za asili amwambie daktari, na daktari amsikilize bila ya kumkemea, maana anayekemewa leo atanyamaza kesho.

Kazi inayoendelea nyumbani

Kuruhusiwa kutoka wodini si mwisho wa tiba. Kwa maradhi ya muda mrefu ndiyo mwanzo. Mgonjwa hukaa na daktari dakika chache kwa mwezi, na saa zote zilizobaki yeye na watu wake ndio waganga. Kwa sababu hiyo barua ya kumruhusu mgonjwa ni dawa pia. Iandikwe kwa maandishi yanayosomeka, itaje maradhi, dawa, dozi na tarehe ya kurudi, na isomwe kwa sauti mbele ya mtu atakayempikia na kumkumbusha.

Hospitali za wilaya zilizojengwa miaka ya karibuni, pamoja na hospitali ya mkoa ya Lumumba, zinafungua njia ya kupunguza msongamano. Mgonjwa wa presha iliyotulia wa Kivunge au Kitogani hana haja ya kuja mjini kila mwezi kufuata vidonge. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza kazi mwaka 2023, nao unalenga kuhakikisha kwamba gharama haziwi ukuta baina ya mgonjwa na tiba. Kadiri huduma za karibu na kijiji zinavyoimarika, ndivyo wodi za Mnazi Mmoja zitakavyobaki kwa wale wanaozihitaji hasa.

Yule mvuvi wa kisa cha mfano alipona kwa kiasi. Mkono ulirudi nusu, maneno yakarudi karibu yote. Hakwenda tena baharini. Kila jioni mkewe humpa kidonge chake baada ya sala ya magharibi, na mwanawe mkubwa, mwenye umri wa miaka 30, amepimwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Presha yake ilikutwa 150 kwa 95. Hakuwa akiumwa popote. Yeye ameanza mapema, na huenda ndiye atakayeendelea kuvuta nyavu za baba yake.